SOMO LA FAMILIA: MKIMBIZI NA MKIMBIAJI

Somo la mwezi huu lisomwe nyumbani pamoja: baba, mama, wavulana na wasichana. Someni kwanza 1 Wakorintho 9:24-27, Paulo anapolinganisha maisha ya imani na mashindano ya mbio.

Kutoka neno moja, kukimbia, Kiswahili kimepata mkimbizi na mkimbiaji. Wa kwanza anakimbia kwa ajili ya yaliyo nyuma yake. Wa pili kwa ajili ya yaliyo mbele. Leo tunamtazama binti wa Burundi aliyekuwa wote wawili, Diane Nukuri.

1. Njia haikuwa wazi

Tuliokulia Bujumbura tulisikia mara nyingi kwamba mbio ni mambo ya wanaume. Tusidhani ni maneno ya kwetu tu. Katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800. Wakubwa wa michezo wakadai kwamba mbio hizo zinazidi nguvu za mwanamke, wakaziondoa hadi mwaka 1960. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984. Diane alizaliwa Desemba ya mwaka huohuo.

Mbio za mita 5,000 wanaume walikuwa nazo tangu 1912. Wanawake walizipata mwaka 1996 kule Atlanta, katika michezo ileile ambayo Venuste Niyongabo alituletea dhahabu ya mita 5,000 upande wa wanaume. Ilikuwa imepita miaka 84.

2. Bendera mkononi mwa binti

Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ulitiwa saini, lakini silaha hazikunyamaza. Tarehe 15 Septemba Olimpiki ikafunguliwa Sydney. Aliyebeba bendera ya Burundi mbele ya dunia alikuwa Diane, msichana wa miaka 15. Kisha akakimbia mita 5,000. Hakupata medali, lakini nchi iliyokuwa vitani ilionekana siku ile kupitia mikono ya mtoto wa kike.

3. Mkimbiaji anakuwa mkimbizi

Februari 2001 vita viliingia Kinama, na makumi ya maelfu ya watu wa Bujumbura wakakimbia na magodoro kichwani. Baadhi yetu tulikuwa miongoni mwao. Mwaka huohuo Diane alikwenda Kanada kwa Michezo ya Nchi Zinazosema Kifaransa, na hakurudi. Aliomba hifadhi akiwa na miaka 16.

Olimpiki ya 2004 ikapita bila yeye, na ya 2008 pia. Wenye kungoja karatasi wanaijua miaka ya namna hiyo. Lakini hakukaa tu. Alirudi shuleni, akajifunza lugha mpya, akaendelea na mazoezi hadi akafika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mwaka 2012, kule London, akabeba tena bendera ya Burundi na kukimbia marathoni, mbio ambazo wakubwa wa zamani hawakutaka mwanamke azikimbie. Mwaka 2016 huko Rio akashika nafasi ya 13 katika mita 10,000. Katika michezo hiyo mwenzake, Francine Niyonsaba, alipata fedha ya mita 800, mbio zilezile zilizofungwa mwaka 1928. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Burundi.

4. Na sisi je?

Hapa makazini, jioni uwanjani wanacheza akina nani? Tuseme ukweli: wavulana. Dada zao wako kwenye foleni ya maji, au wanaokota kuni, au wanabeba mdogo wao mgongoni. Hatuwanyimi kwa chuki. Tumezoea tu. Tena tunawahofia njiani, na hofu hiyo ina sababu. Lakini hofu itufanye tuwasindikize, isitufanye tuwafungie ndani.

Ukimbizi umetunyang'anya mashamba na nyumba. Tusiwanyang'anye binti zetu kile walichoumbiwa. Dumu la lita 20 halichagui mkono: kaka naye anaweza kulibeba.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anafanya kazi nyingi baada ya shule? Kwa nini?
2. Diane alifanya nini katika miaka ya kungoja? Sisi tunaitumiaje miaka yetu?
3. Binti yetu anapenda nini? Tumewahi kumuuliza?

KAZI YA WIKI: Kila familia ipange siku moja ambayo wavulana watachota maji, ili wasichana waende uwanjani. Mama au baba mmoja awasindikize na kurudi nao kabla ya giza. Jumapili ijayo tusimuliane yaliyotokea.

Bwana awatie nguvu.