Maji ya Mvua Baada ya Ujenzi: Wajibu wa Kila Mwenye Nyumba

Kila masika, meza ya malalamiko ya halmashauri hujaa barua za namna moja. Mtu amemaliza nyumba, amezungushia ukuta, amemwaga zege kutoka kibarazani hadi getini, kisha ametoboa ukuta kwa chini na kuchomeka bomba la inchi 4. Mvua ikinyesha, maji yote ya bati na ya uani yanatokea kwa jirani wa bondeni, ambaye anaamka usiku kuinua magodoro. Jirani huyo naye anajaza kifusi na kuinua ukuta wake, maji yanahamia kwa wa tatu. Karibu barua zote zinaomba kitu kimoja: halmashauri ijenge mtaro.

Kijitabu hiki ni jibu kwa wakazi wote wa Dar es Salaam. Mtaro wa barabarani haukujengwa kupokea maji ya kila ua uliosakafiwa. Maji yanayonyesha kwenye kiwanja chako ni yako mpaka yazame ardhini, yaingie tangini, au yafike mtaroni kwa njia uliyoruhusiwa. Kukabidhiwa funguo na fundi hakukuondolei wajibu huo.

Pima kiwanja chako

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo mwezi wa Aprili haimshangazi mtu, inakimwagia lita 30,000, yaani maboza matatu ya lita 10,000. Kiwanja kilipokuwa na mchanga na majani, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama palepale, na yaliyobaki yalitoka taratibu. Baada ya bati na zege, karibu yote yanatoka, tena yanatoka kwa pamoja, dakika chache tu baada ya kunyesha. Kasi hiyo ndiyo inayokata barabara za vumbi, kuchimbua mabomba na kubomoa kuta.

Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Waliojenga bondeni wamelaumiwa sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na katazo hilo tutaendelea kulisimamia. Lakini maji ya Mto Msimbazi yanayofurika Jangwani hayakunyesha yote Jangwani. Mto huo unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapokea maji ya Ukonga, Segerea, Tabata na Kimara, ndipo unapomwaga baharini kwenye Daraja la Salender. Sehemu ya maji hayo inatoka kwenye nyumba za mwinuko, nyumba kavu, ambazo wenyewe hawajawahi kuona tope sebuleni. Tunawaandikia hao kwanza, kwa sababu ndio wanaoamini kwamba jambo hili haliwahusu.

Usisakafie ua wote

Acha sehemu ya ua wazi, hasa upande wa chini wa kiwanja ambako maji yanaelekea. Pevingi iliyopangwa juu ya mchanga hupitisha maji kidogo kwenye viungo vyake, lakini ikipangwa juu ya zege ni sawa na zege tupu. Na usidhani kwamba udongo ulioachwa wazi utakunywa maji hivi hivi. Malori ya kokoto yameukandamiza kwa miezi, na mafundi wamemwaga humo mabaki ya saruji. Utifue kwa jembe, uondoe vipande vya zege, uchanganye samadi, ndipo upande majani.

Simtenki ya kukinga maji ya bati ni jambo jema, ila tunasisitiza neno moja ambalo wengi wanalipuuza: tangi lililojaa halizuii mafuriko. Mwenye kuyahifadhi maji ya Machi kwa ajili ya Juni, mvua kubwa ya Aprili ikija hana pa kuiweka. Msimu wa mvua, yatumieni maji ya tangi kila siku kwa kufulia, kudekia na kumwagilia, ili pawe na nafasi.

Shimo la kufyonza maji: hapa ndipo watu wanapozembea

Ramani nyingi za nyumba zinazopitishwa huonyesha shimo la kufyonza maji ya mvua. Wapo wasiolichimba kabisa. Wapo wanaolichimba, mkaguzi akishapita wanalisahau. Hili la pili ndilo linalotuogopesha zaidi, maana mwenye nyumba anaamini yuko salama huku shimo lake limekufa.

Kabla ya kuchimba, jaribu ardhi yako. Chimba kishimo cha kina cha mkono mzima, kijaze maji, yaache yazame, kisha ukijaze mara ya pili. Maji hayo ya pili yakikutwa asubuhi ya kesho yake, ardhi hiyo haifai kwa shimo. Ni udongo wa mfinyanzi, au maji ya ardhini yako karibu, kama ilivyo sehemu nyingi za Mikocheni na Msasani. Hapo utatumia tangi au utaomba njia ya kuelekea mtaroni. Ardhi ikikubali, shimo likae angalau mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba, na liwe mbali na kisima na karo. Lijazwe mawe na kokoto safi. Kabla ya maji kuingia shimoni, yapite kwanza kwenye kichemba cha kunasa mchanga chenye mfuniko unaoinuka.

Kichemba hicho ndicho roho ya kazi yote. Maji ya bati na ya uani hubeba vumbi, mchanga, majani ya mwembe, mifuko na vifuniko vya chupa. Kisiposafishwa, tope linapita na kuziba nafasi kati ya mawe, na shimo likishazibwa hakuna dawa isipokuwa kulifukua lote na kuosha au kubadili mawe. Gharama yake ni kama kuchimba jipya. Kuzoa mchanga kichembani ni kazi ya koleo na ndoo, ya asubuhi moja.

Safisheni kichemba na gata mara mbili kwa mwaka bila kukosa: Septemba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika. Tunarudia: Septemba na Februari. Baada ya kila mvua kubwa, inua mfuniko utazame. Maji yakituama zaidi ya siku tatu, shimo limeanza kuziba, na pia unafuga mbu. Mchanga unaozolewa usitupwe mtaroni. Mtu anayesafisha kwake kwa kuziba kalavati la mtaa hajasafisha kitu, na tutamchukulia hatua kama mchafuzi.

Maji ya mvua na maji taka yasikutane

Bomba la gata lisiunganishwe kamwe na chemba ya majitaka. Mabomba ya majitaka hayakupimwa kubeba mvua. Yakizidiwa, chemba za mtaa wa chini zinafumuka na kinyesi kinatapakaa mlangoni mwa watu wasio na kosa. Wala karo lako la nyumbani lisipokee maji ya bati.

Kibaya zaidi ni kutapisha vyoo. Wako watu wanaongojea mvua kubwa, wanafungua karo au kutoboa choo cha shimo ili mvua ichukue, kukwepa gharama ya gari la kunyonya. Watoto wanacheza katika maji hayo, nayo yanaingia visimani. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianzia jiji hili kikasambaa mikoani. Anayetapisha choo anatoa ugonjwa nyumbani kwake na kuwagawia majirani. Kwa kosa hili hatutoi onyo la kwanza wala la pili.

Nani anahusika

Kila mwenye jengo, la makazi au la biashara, jipya au la zamani. Miradi mikubwa inafuata pia taratibu za tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya 2004 na kanuni zake za 2005. Mpangaji na msimamizi wa mirathi waangalie hati zao; mengineyo aulizwe afisa mipango miji.

Serikali imefanya sehemu yake

Kupitia mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam (DMDP) ulioanza 2015, jiji limepata barabara na mitaro mikubwa ya zege, ukiwemo Mto Ng'ombe, ambao kwa miaka mingi ulikuwa tishio kwa wakazi wa kandokando yake. Kwa Bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliidhinishwa mwaka 2022. Hizi ni juhudi kubwa na tunajivunia. Ndiyo maana hatutakubali mitaro iliyojengwa kwa fedha za wananchi ijazwe mchanga wa nyua za watu wachache.

Jirani akikumwagia maji

Usizibe bomba lake usiku, na usijenge ukuta wa kumrudishia. Anza kwa kuzungumza naye, mjumbe wenu akiwepo. Msipoelewana, nendeni serikali ya mtaa, mwenyekiti aje aone kwa macho yake na aandike alichokiona. Shauri likishindikana hapo, lifike kwa afisa mazingira wa kata, naye atamwita mhandisi. Baraza la kata linaweza kuwapatanisha iwapo kuna mgogoro wa mpaka.

Ukija kwa afisa mazingira, lete barua ya malalamiko iliyopita kwa mwenyekiti, nakala ya kibali chako cha ujenzi, na picha zilizopigwa mvua ikiwa inanyesha, zinazoonyesha maji yanatokea wapi na yanaingilia wapi. Picha za tope lililokauka hazitusaidii kujua lilitoka kwa nani. Mkaguzi atakapokuja atapita viwanja vyote viwili, na kitu cha kwanza atakachomwomba kila mmoja wenu ni kuinua mfuniko wa kichemba chake.