Ndege Wakubwa Warukao: Busia na Tororo

Korongo mfukoshingo, anayejulikana zaidi Uganda kwa jina la kalooli, hachangamki alfajiri. Hujikunyata juu ya mti au paa la machinjio mpaka jua lipate nguvu. Si uvivu. Ndege huyu hufikia kilo 9, na mabawa yake yakikunjuliwa huweza kupita mita 2.5 toka ncha hadi ncha. Kuyapiga mfululizo kungemchosha upesi, kwa hiyo husubiri ardhi ipate joto.

Mwamba wa Tororo, mabati ya mjini na barabara za lami hushika joto haraka kuliko vinamasi vilivyo jirani. Hewa iliyo juu yake huwa nyepesi, ikapanda. Korongo huingia katika mkondo huo na kuzunguka humo humo, manyoya ya ncha za mabawa yakitanuka kama vidole, hadi afike juu sana. Kisha huteleza mbali bila kupiga bawa, akatafute mkondo mwingine. Mifupa yake, hata ya miguu, ina uwazi wenye hewa. Weupe wa miguu hiyo ni kinyesi chake mwenyewe: hujinyea makusudi, na majimaji yakikauka humpoza.

Tumbusi ana ufundi huo huo. Mwaka 1973 tumbusi wa Rüppell aligongana na eropleni ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi. Korongo weupe watokao Ulaya kuja Afrika Mashariki, nao, wengi huikwepa Bahari ya Mediterania na kuzunguka kupitia Bosphorus na Sinai, kwa kuwa juu ya maji mikondo ya kupanda ni hafifu.

Korongo taji, aliye kwenye bendera ya Uganda, hupiga mabawa zaidi, shingo ameinyoosha. Kidole kirefu cha nyuma humwezesha kutua mtini, jambo lisilowezekana kwa korongo wengi wa jamii yake. Huzaliana kwenye vinamasi, kama vile Sio-Siteko kilichoko mpakani mwa Kenya na Uganda, na tangu 2012 amehesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Hatari kubwa iko chini, kwenye chakula. Huko Bunyala, Kaunti ya Busia, korongo domo-wazi wamekuwa wakitegwa kwa konokono waliotiwa dawa ya kuulia wadudu, kisha nyama ikaliwa. Sumu inayomuua ndege humdhuru na mlaji. Ndege aliyeokotwa amekufa asiliwe, wala asipewe mbwa.