Zijue Breki za Baiskeli Yako: Namna ya Kuzifunga na Kuzirekebisha

Wananchi wengi wa vijijini hutegemea baiskeli kufika shuleni, sokoni, shambani na kwenye zahanati. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii huitumia kutembelea kaya, na wafanyabiashara huitumia kubeba ndizi, maziwa na mkaa. Baiskeli yenye mzigo inapoteremka mlima, usalama wa mwendeshaji na wa watu walio njiani hutegemea vipande vinne vidogo vya raba. Raba hizo zikifungwa vibaya, breki huweza kuonekana nzima baiskeli ikiwa imesimama, kisha zikashindwa kufanya kazi mteremkoni.

Makala hii inahusu breki za mikono miwili, ambazo hupatikana kwenye baiskeli za mtindo wa milimani. Kila gurudumu lina mikono miwili, mmoja kila upande wa ringi, na kila mkono una raba. Waya mkuu hutoka kwenye kishikio cha breki hadi juu ya gurudumu, ambako huvuta waya mfupi unaounganisha mikono hiyo. Waya mfupi ukivutwa juu, raba hubana ringi.

Marekebisho yafanywe kwa utaratibu ufuatao.

1. Gurudumu. Lizungushwe na kuangaliwa kama linayumba. Likiyumba, fundi anyooshe ringi kwanza kwa kurekebisha spoki, kwa kuwa raba haziwezi kukaa sawa kwenye ringi inayocheza. Ringi isafishwe na isiachwe na mafuta wala grisi.

2. Raba. Uso wote wa raba ulenge ringi, takriban milimita 1 chini ya ukingo wake. Raba ikipanda juu husugua na kukata tairi. Ikikaa chini mno hatari ni kubwa zaidi: kadiri inavyolika ndivyo inavyozidi kushuka, hadi siku moja inateleza chini ya ringi na kuingia kwenye spoki. Ncha ya mbele ya raba itangulie kidogo kugusa ringi ili kupunguza kelele. Karatasi iliyokunjwa ikiwekwa nyuma ya raba wakati wa kukaza nati, nafasi hiyo hupatikana kwa urahisi.

3. Waya. Ukazwe raba zikiwa takriban milimita 2 kutoka kwenye ringi. Kishikio kikibanwa kwa nguvu kisifike kwenye usukani. Waya mfupi usiguse tairi wala madigadi.

4. Usawa. Raba zote mbili ziguse ringi kwa pamoja. Upande mmoja ukitangulia, skrubu ndogo iliyo kwenye mkono wa breki ikazwe kidogo kidogo. Springi ya upande huo huongezeka nguvu na kuvuta raba mbali na ringi. Kama skrubu ipo upande wa pili tu, ilegezwe badala ya kukazwa.

5. Jaribio. Kishikio kibanwe kwa nguvu mara kumi, kisha ikaguliwe kama waya umeteleza au raba imehama. Baada ya hapo baiskeli ijaribiwe polepole kwenye tambarare, bila mzigo wala abiria.

Waya wa breki ya mbele uangaliwe kwa makini zaidi. Waya mkuu ukikatika, waya mfupi huweza kuangukia tairi, ukanaswa na meno yake na kusimamisha gurudumu ghafla, hivyo kumrusha mwendeshaji mbele. Madigadi au kipande cha chuma kilichofungwa juu ya tairi huuzuia usianguke. Waya ulioanza kukatika nyuzi ubadilishwe mara moja. Kuufunga fundo hakutoshi.

Raba nazo zibadilishwe mifereji yake inapokaribia kufutika. Aidha, wakati wa mvua ringi huwa na utelezi, hasa zile za chuma, na baiskeli huhitaji umbali mrefu zaidi ili isimame. Mwendeshaji apunguze mwendo kabla ya kuanza kuteremka, na atumie breki zote mbili.

Wananchi wanashauriwa kubana vishikio vyote viwili na kuangalia raba nne kila asubuhi kabla ya kupakia mzigo. Kazi hiyo haizidi dakika mbili, na kasoro inayogunduliwa nyumbani hurekebishwa kwa spana tu.