BUNDUKI «TUPU» NDIYO INAYOUA



Hapa Luofu bunduki si kitu kigeni. Mwezi wa nne 2009 watu wenye silaha walichoma nyumba nyingi za kijiji hiki. Hata siku za amani, bunduki ya polisi, ya askari au ya mwindaji inaweza kulala karibu na watoto. Mvua na ukungu wa milima yetu huleta kutu, basi lazima isafishwe. Saa hiyo ndiyo ya hatari, maana mwenyewe husema «haina kitu» bila kuangalia.

Kosa liko wapi? Kisanduku cha Kalashnikov hubeba risasi 30. Ukivuta mkono wa kupakia kwanza, risasi ya ndani huruka nje, nawe unaridhika. Mkono ukirudi, unaingiza nyingine. Ukitoa kisanduku baadaye, hiyo moja imebaki.

Fuata utaratibu huu:

1. Watoto watoke. Fanya kazi nje, mtutu uelekee lundo la udongo. Ukuta wa mbao au wa miti na udongo hauzuii risasi. Kidole kikae mbali na kifyatulio.

2. Toa kisanduku KWANZA.

3. Shusha kizuizi, vuta mkono wa kupakia, ushikilie nyuma. Angalia ndani kwa macho, papasa kwa kidole.

4. Peleka risasi zote mbali.

5. Sasa safisha kwa ufito, kitambaa na mafuta ya silaha. Usitumie esansi karibu na mbabula au sigara.

6. Nawa kwa sabuni kabla ya kula au kubeba mtoto. Masizi ya baruti huwa na madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto.

7. Fungia bunduki kwa kufuli, risasi mahali pengine.

Mtu akipigwa, bonyeza kidonda kwa nguvu na kitambaa safi, usikiachie ili kuchungulia. Usimpe chakula wala kinywaji. Mfunike, mpelekeni upesi kituo cha afya.

Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai kibali kwa mwenye bunduki. Ukiona silaha au risasi shambani, usiiguse. Mjulishe mkubwa wa kijiji.

Mama, usione haya kumwuliza mume wako: «Umeangalia ndani?» Neno hilo moja linaweza kuokoa mtoto wa jirani.