Miguu ya Mchana, Pumzi ya Usiku

Mzee akirudi kutoka kliniki na habari kwamba moyo wake umedhoofika, nyumbani hutengewa kiti na kukatazwa hata kujichotea maji ya kunywa. "Baba, wewe kaa tu." Ni mapenzi, lakini yanamdhuru. Misuli isiyotumika hulegea, na mtu aliyelegea huutwisha moyo mzigo zaidi kwa kila hatua. Si ajabu wiki chache baadaye safari ya chooni ikamwacha akihema.

Moyo kushindwa kufanya kazi hakuna maana kwamba umesimama. Umeshindwa kusukuma damu ya kutosha, hivyo maji hubaki mwilini na kushukia miguuni. Mbonyeze muundi kwa kidole gumba kwa sekunde chache. Pakibaki kishimo, ndiyo hayo maji. Usiku akilala, sehemu ya maji hayo hupanda hadi kifuani na shingoni, njia ya hewa ikabanwa. Hapo ndipo mkoromo hukatika ghafla, kimya, kisha anashtuka akitafuta hewa. Wapo pia ambao koo halijaziba, ila ubongo umechelewa kuamuru pumzi ivutwe.

Kwa hiyo tuanze na miguu. Kiti kiwe imara, kimeegemezwa ukutani. Akae, nyayo chini, ainue visigino vidole vikibaki sakafuni, kisha ashushe. Mara 10, apumzike, arudie. Shavu la mguu likikaza husukuma damu irudi juu, badala ya maji kutuama huko kutwa nzima. Halafu ainuke kitini na kukaa tena, mara 5, akitoa pumzi anapoinuka. Asibane pumzi kamwe, maana presha hupanda ghafla.

Kutembea kuanze na dakika 5 uani, jua likiwa limepoa, na si mara tu baada ya kula. Dakika ziongezwe polepole, wiki kwa wiki, hadi 30 kwa siku nyingi za juma. Kasi inayofaa ni ile inayomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatisha. Kuhesabu mapigo kunaweza kupotosha, kwani baadhi ya dawa za moyo huyapunguza.

Wanaoogopa wajue hili: mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, wenye hali iliyotulia, na mazoezi yaliyopangwa yalionekana kuwa salama kwao. Hali iliyotulia ndilo sharti. Daktari aruhusu kwanza. Mwenye homa, anayehema akiwa amekaa, au aliyeongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 asifanye zoezi. Apelekwe kituo cha afya. Ili kugundua kilo hizo, mizani ya bafuni ina faida kuliko vifaa vyote vya mazoezi vinavyouzwa madukani.

Aliyepewa mashine ya hewa ya kulalia kwa ajili ya pumzi inayokatika usiku aendelee kuivaa kila usiku hata akijisikia na nguvu. Kama jana hakulala vizuri, leo atembee nusu.

Kizunguzungu au moyo kudunda ovyo vikimpata, aache na kuketi. Visipotulia upesi, au kifua kikiuma, au pumzi ikimwishia, mkimbizeni hospitali. Njiani akae wima, msimlaze chali.