Baraza: Tunajifunza nini katika ujenzi wa Kiislamu?



Somo hili linahusu namna Waislamu wa zamani walivyojenga misikiti na nyumba. Si somo la kumbadilisha mtu dini yake. Tunalisoma kwa sababu neno barza, tunalolitumia kila siku huku Bafwasende na hadi Kisangani, lilitoka kwa wajenzi hao wa pwani, na linaweza kutusaidia kuishi pamoja, wageni na wenyeji.

1. Msikiti wa watu waliohama

Mwaka 622 Mtume Muhammad na wafuasi wake walitoka Makka kwa sababu ya mateso, wakahamia Madina. Msikiti waliojenga huko haukuwa na mnara wala kuba. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo, nguzo zilikuwa vigogo vya mitende, na paa lilikuwa la makuti yake.

Mapokeo ya Waislamu yanasema kiwanja kilikuwa mali ya mayatima wawili. Walitaka kukitoa bure, lakini Mtume alikataa, kikalipiwa. Tena, sehemu moja ya msikiti yenye kivuli iliitwa suffa. Hapo walilala wahamaji waliokosa nyumba, na wenyeji waliwaletea tende wale.

2. Kutoka miti hadi mawe

Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyofuatana mahali pamoja. Ya kwanza, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Ya mawe ilikuja baadaye. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani mwaka 1331, aliona misikiti ya Mombasa ikiwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na visima milangoni ili watu wanawe miguu kabla ya kuingia. Huko Kilwa, Msikiti Mkuu ulianza katika karne ya 11, kisha ukapanuliwa kwa nguzo nyingi na kuba.

Basi kinachofanya msikiti si mawe. Ni usafi, safu zilizonyooka, na kibla, yaani upande wa Makka, ambao huonyeshwa na mihrabu ukutani. Lamu kibla ni karibu kaskazini kabisa. Bafwasende ni kaskazini-mashariki. Msikiti wa fito, udongo na majani ya mangongo hauna upungufu.

3. Nyumba yenye baraza

Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu. Ndani palikuwa pa familia, pamefichwa na macho ya wapita njia. Mbele ya mlango palikuwa na baraza, benchi la mawe lililoshikamana na ukuta.

Baraza lilitatua shida kubwa: namna ya kumkaribisha mtu usiyemjua bila kuvunja siri ya nyumba. Hapo watu walizungumza biashara, walipokea wageni na kusuluhisha magomvi. Ndiyo sababu baraza likawa pia jina la mkutano wa wazee na la mahakama. Lakini mara nyingi lilikuwa mahali pa wanaume. Sisi tusirithi upungufu huo.

4. Njia iliyoleta barza huku

Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walifika Nyangwe, Kasongo na maporomoko ya Kisangani. Mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Waliacha Kiswahili, Uislamu na nyumba za pembe nne zenye baraza. Lakini walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na vijiji vingi viliumia. Tuseme ukweli huo bila kuuficha, na bila kuwabebesha lawama jirani zetu Waislamu wa leo, ambao wengi wao ni wazao wa misitu hii hii.

5. Tutumie somo hili

• Kabla ya kujenga kibanda, kanisa au msikiti, mwone chefu na mwenye ardhi. Mpatane mbele ya mashahidi. Kiwanja kilichochukuliwa kimya kimya huzaa ugomvi.
• Mnapopanga vibanda, acheni nafasi ya barza moja ya wote, karibu na njia, si ndani ya uwanja wa mtu mmoja.
• Wekeni maji ya kunawa hapo.
• Kina mama, vijana na Wambuti wawe na nafasi ya kukaa na kusema.
• Msingoje mabati wala saruji. Anzeni na miti mliyo nayo.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Hapa kwetu, mgeni akifika, anakaa wapi kabla hajajulikana?
2. Ni nani hajawahi kuketi kwenye barza yetu? Kwa nini?
3. Kiwanja tunachokalia sasa, tulipatana na nani? Nani alishuhudia?
4. Wiki hii tunaweza kujenga nini pamoja, wageni na wenyeji, kwa mikono yetu?