Nyumba ya Likizo Ikikaa Tupu, Bima Yako Bado Inafanya Kazi?

Umejenga kanyumba Diani au Watamu. Disemba familia inajaa, Januari mnafunga milango, funguo zinabaki kwa mlinzi mpaka Pasaka. Bima unayo, sawa. Lakini wezi wakiingia Machi, utalipwa? Angalia mambo haya manne.

1. Siku za nyumba kukaa tupu
Mikataba mingi ya bima ya nyumba huweka kikomo, mara nyingi siku 30 mfululizo. Zikipita bila mtu kulala humo, kinga ya wizi inaweza kusimama. Mwambie wakala mapema kwamba nyumba ni ya msimu. Huenda akataka mlinzi, grili za madirisha au ada zaidi. Afadhali hivyo kuliko kunyimwa fidia.

2. Thamani unayoandikisha
Usihesabu bei ya ploti, ardhi haiungui. Hesabu gharama ya kujenga upya leo. Tuseme kujenga ni KSh 8,000,000, nawe umeandikisha KSh 4,000,000 ili ulipe kidogo. Moto ukileta hasara ya KSh 2,000,000, kampuni inaweza kukulipa nusu tu, KSh 1,000,000, kwa sababu uliweka bima ya nusu ya nyumba.

3. Paa na wageni
Makuti hushika moto haraka, kwa hivyo yataje. Unakodisha kupitia Airbnb? Sema pia, maana bima ya nyumba ya familia mara nyingi haigusi biashara. Uliza vilevile nani atalipa mgeni akiumia kwenye bwawa la kuogelea.

4. Malipo
Kisheria hapa Kenya, kampuni ya bima haipaswi kuanza kukukinga kabla ya kupokea ada. Ahadi ya "nitatuma mwisho wa mwezi" haikukingi. Lipa kwa Paybill ya kampuni yenyewe, iliyo na leseni ya IRA, wala si kwa simu ya wakala. Soma jina kabla ya kuweka PIN, kisha hifadhi ujumbe wa malipo.

Leo jioni toa mkataba wako, tafuta sehemu inayozungumzia nyumba isiyokaliwa, halafu hesabu: mara ya mwisho mtu kulala kule ilikuwa lini? Kama siku zimepita kikomo, piga simu kwa kampuni yako kesho asubuhi.